Muuza Ng'ombe Anayetaja Kasoro

Mara ya kwanza Elkana kununua ng'ombe kwa yule mzee wa soko la Kosele, aliuziwa jike tasa lililosifiwa kuwa mama wa ndama saba. Kisha mzee akabatizwa ziwani, na ulimi ukageuka. Vidole vilevile vilivyozoea kuficha vidonda sasa huinua mkia na kuonyesha kila kasoro, mwenyewe akichekacheka.

Juzi mteja kutoka Isebania alikuwa ameshatoa pesa za dume la kulimia, pesa ambazo mzee alizitaka kwa mabati kabla ya mvua. Mzee akamgusa bega.

"Omera, ndugu yangu, huyu akichoka hulala katikati ya shamba. Hata umwimbie."

Mteja akarudisha pesa mfukoni.

"Jaduong', mzee wangu, si ungengoja amfunge kamba aondoke naye?" Elkana akanong'ona, akiwa kando na dume lake mwenyewe la kuuza.

"Akishaenda naye, nitamwambia lini?"

Mteja akamgeukia Elkana. "Na wako ana nini?"

Mzee akatazama kando, akitabasamu. Elkana akataja ukwato uliopasuka. Dume lake likanunuliwa palepale, kwa bei ya chini ambayo hajawahi kuikubali tangu aanze biashara. Mzee akaswaga lake kurudi nyumbani, akipiga mluzi, kwenda kutega beseni chini ya paa linalovuja.