Aliyeniruka Miguu

Nilipokuwa mtoto kule Mvumi, Mwingereza bado akitawala, kwetu hakuna kosa lililoogopwa kama kumruka mtoto miguu. Ukimruka umemzuia kukua, na maumivu hayamwachi mpaka wewe mwenyewe urudi umruke tena kinyume. Hayo niliyajua kabla sijajua kukama mbuzi.

Basi mwaka mmoja miguu ikanianza. Mchana nakimbia na ndama vizuri tu. Jioni, jamani, mapaja na miundi vinaniuma mpaka nalia. Aliyekuwa akinikanda kwa samli vuguvugu ni mama mdogo, mke wa pili wa baba. Hakuwa na mtoto, nami nilimpenda mno.

Bibi, mama yake baba, alimtazama akinikanda, akasema, "Mbona mkono wake unajua panapouma?"

Nyumba nzima ikamgeukia mama mdogo. Jioni iliyofuata walinilaza juu ya ngozi ya ng'ombe katikati ya tembe. Baba akasimama mlangoni, akamwambia mama mdogo:

"Kama ni wewe, mruke mtoto apone."

"Baba Matika, mimi sikumruka Matika wako."

"Basi mwache aumie."

Nikalia kweli, miguu inawaka moto. Mama mdogo akaniangalia. Akiruka, amekiri; hilo hata mimi nililijua. Akakusanya kaniki yake, akaniruka.

Nililala fofofo. Asubuhi nikatoka mbio nyuma ya ndama, mzima kabisa, na bibi akaninyooshea kidole. "Mmeona?" Jua halijawa kali, mama mdogo alikuwa njiani kurudishwa kwao. Kibuyu chake cha samli aliniachia. Nilimfuata nikilia, baba akanibeba kunirudisha.

Mvua hazijaanza bado, miguu ikauma tena.

"Sasa bibi, nani kaniruka?"

Bibi aliinuka. Alikwenda kuchukua kile kibuyu, akapasha samli, akanikanda.

Siku hizi mjukuu wangu naye hulia miguu jioni, asubuhi yuko uwanjani anacheza rede. Nesi aliniambia watoto wengi wanaokua huwa hivyo: mkande, mpe joto, ukiona uvimbe, homa au anachechemea, mlete. Niliitikia tu. Kumbe dawa yote ilikuwa kwenye mikono ya yule tuliyemfukuza! Hasira ninayo mpaka leo, na sina wa kumkasirikia, maana baba na bibi nao walinipenda.

Namkanda mjukuu kwa samli mpaka asinzie. Kisha nainuka, na pamoja na yote ninayoyajua, nazunguka miguu yake nisiiruke.