Kahawa ya Bibi Kwenye Ubongo Wangu

Najua mmeshaisikia, maana hata watoto wa mtaa wa Bilele nisiowajua wananiita Taya nikipita, lakini hiyo mliyoisikia imetiwa chumvi, bora niwasimulie mwenyewe, aibu yenyewe inatosha bila kuongezwa.

Ilianzia Muleba kwa bibi, Jumapili nikirudi shule Bukoba. Bibi alikuwa amesikia kwamba wiki ile tutatembelewa na profesa anayetengeneza mashine za kupiga picha za ubongo, mama mmoja aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ambaye bibi alimbeba mgongoni kabla hajajua kuhesabu hata vidole vyake. Basi akanipa kahawa ya kutafuna, ile anayoichemsha mwenyewe na majani yake ya siri, ameifunga kwenye ganda la mgomba vizuri kama zawadi ya harusi.

"Umpe mkononi mwake," akasema. "Akiitafuna atajua bado namsubiri."

Nikaitikia ndiyo waitu, kwa heshima zote za Kihaya, nikapanda basi, na kabla hatujafika Kemondo nikawaza kwamba punje moja haihesabiki. Kweli haihesabiki. Tatizo ni kwamba na ya pili haihesabiki vilevile. Kufikia siku ya mgeni zilibaki kama kumi, nikaona ni dharau kumpa mtu mzima punje kumi, nikazitupia zote mdomoni.

Profesa akatueleza alivyosomea uhandisi wa vifaa vya hospitali, kisha akatumia miaka na miaka kuchungulia vichwa vya watu bila kuvipasua. Mashine kubwa haibebeki (inataka chumba chake yenyewe), kwa hiyo alileta kofia yenye nyaya, inayosikiliza umeme wa ubongo na kuuchora kwenye skrini. Akaomba mtu wa kujitolea. Mimi na kiherehere changu, mdomo umejaa, nikanyoosha mkono.

Nikavalishwa, nikaambiwa nitulie, mistari ikatambaa kwa adabu. Akaniambia nizidishe kichwani kumi na saba mara nane, na mimi siwezi kuwaza huku nina kitu mdomoni bila kukitafuna, basi nikabana punje moja polepole, mistari ikaruka mpaka juu ya skrini. Ukumbi ukaguna. Mwalimu wa hisabati (yule aliyewahi kuandika kwenye ripoti yangu kwamba kichwa hiki ni cha kubebea kofia tu) akasimama aone vizuri. Nikabana nyingine, makofi. Nikapiga na hesabu ambazo sikuombwa, nikaanza kujiona napelekwa Dar kufanyiwa utafiti.

Profesa peke yake hakupiga makofi. Aliniinamia, akanusa.

"Huu si ubongo, ni taya," akasema. "Miaka yote hii kazi yangu ni kuondoa kelele za taya ili ubongo usikike. Hebu fungua mdomo."

Nikafungua. Makapi yote yalikuwa humo, maana sikuwa na pa kuyatemea. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, ila yeye alikuwa anatazama ganda la mgomba lililochungulia mfukoni mwangu.

"Harufu ya majani haya naijua. Nani amekupa?"

Nikamtaja bibi. Akaliomba lile ganda tupu, akalinusa muda mrefu, na hapo ndipo nilipotamani ile mashine kubwa ingekuwepo nijifiche ndani yake. Kisha akasema Jumamosi anakwenda Muleba kumsalimia, na mimi nitapanda gari lake.

Njia nzima nilitunga uongo, mmoja ukivunjika naunga mwingine. Bibi alipotuona hata habari za safari hakuuliza, aliuliza kama kahawa ilifika. Profesa akanitazama mimi kwanza.

"Ilifika, mama," akasema. "Mpaka kwenye kompyuta nimeihifadhi."

Bibi alifurahi, akamletea nyingine tele. Mimi sikupewa hata punje (alilitazama shavu langu kwa muda, sijui aliona nini). Nimeapa, mzigo wa mtu nitaubeba kwa mikono miwili na mdomo nimeufunga. Na kumi na saba mara nane, msiniulize, mpaka leo sijaipata.