Dizeli Iliyobaki

Kwa miaka kadhaa katika ile miaka ya tisini nililipwa mshahara wa kuvuta nyumba, na mimi mwenyewe sikuwa na nyumba.

Ile niliyoivuta ilikuwa karavani, kijumba cha bati jeupe juu ya magurudumu mawili, chenye pazia dirishani na mlango mwembamba kama wa choo. Wafadhili waliileta iwe kliniki ya macho. Nikapewa pikapu ya dizeli niivute kutoka Homa Bay hadi Rongo, Migori, Macalder na Sori, kisha niirudishe, na kila kituo tukae siku kadhaa. Watoto wa njiani waliiita ot ma wuotho, nyumba inayotembea, wakaikimbilia kwa furaha. Wao hawakuulizwa inakula mafuta kiasi gani.

Aliyeulizwa ni mimi, na aliyeuliza ni Daktari. Alikuwa mama wa makamo kutoka Nyeri, mpole kwa wagonjwa na mkavu kwa dereva. Tulikuwa wawili tu kwenye msafara. Yeye alilala kwenye nyumba za wageni, mimi nililala ndani ya karavani kulinda vifaa, miguu yangu ikigusa ukuta. Ndiyo maana sikuweza kuchomoka hata jioni moja.

Sasa nieleze kwa nini nilitaka kuchomoka. Mimi ni kifungua mimba wa baba yangu, na mke wangu alikuwa bado anaishi bomani kwa baba. Kwetu kijana hujenga simba, kibanda cha ujana, ndani ya boma la baba yake. Akishakuwa na mke na watoto, hutoka na kuanzisha boma lake. Lakini hatoki kama paka. Baba yake humtangulia, humwonyesha mahali, nyumba husimama siku hiyohiyo, na mwenye boma hulala humo na mkewe siku kadhaa bila kusafiri. Na mkubwa ndiye hutangulia. Mdogo hawezi kumpita. Mdogo wangu alikuwa na watoto wamejazana kwenye simba yake, matofali yake yamefyatuliwa na kuchomwa zamani, yanaota nyasi yakinisubiri mimi. Baba naye miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na kila nilipomwona alitembea polepole zaidi. Nilitaka anitangulie kwa miguu yake mwenyewe. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani.

Jumapili mojamoja, karavani ikiwa imeegeshwa Homa Bay, nilifika nyumbani, nikala samaki, nikarudi. Boma halianzishwi kwa ziara ya Jumapili. Nilihitaji likizo, na kuacha kazi lilikuwa jambo la kuchekesha katika miaka ile ambapo watu walikuwa wakiachishwa kila mahali. Watu wote wa boma letu walikula kwa mguu wangu wa kulia.

"Mzunguko ukiisha na hii dizeli tumepewa," Daktari aliniambia, "utaenda mwezi mzima. Hiyo ni promise."

Dizeli iliisha Macalder.

Tulikwama pale, katikati ya wachimbaji wa dhahabu waliokuja kutuuliza kama tumeleta mizani ya kununulia. Tulisubiri pipa kutoka Homa Bay mpaka nikawajua mbuzi wa jirani mmoja mmoja. Wakati huo wote wa kusubiri ulikatwa kwenye likizo yangu, ikaisha kabla sijaionja. Siku ya kwanza ya kukwama Daktari alisimama mbele ya pikapu, mikono kiunoni.

"Dereva, hii mafuta inaenda wapi?"

Swali hilo nililijua. Zama zile dereva wa gari la mradi aliyerudi kwao bila jerikeni alichekwa na shemeji zake. Wenzangu walinyonya mafuta kwa mpira na hawakuona aibu. Mimi sikuwa nimenyonya hata tone, na ndiyo maana nilichemka.

"Inaenda kwa hii nyumba yako, Daktari. Inakula kuliko sisi wote."

"Basi ifunze kula kidogo. Mzunguko ujao ikitosha, utaenda mwezi wako."

Nikaifunza. Hasira ni mwalimu mzuri. Nilianza na uzito. Chini ya sakafu ya karavani kulikuwa na tangi la maji, nasi tulikuwa tunalijaza Homa Bay na kuyapandisha maji hayo vilima vyote mpaka Sori. Sori iko ziwani. Yaani tulikuwa tunachoma dizeli kupelekea ziwa maji. Nilipomwambia Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwaga tangi. Nikatoa kitanda cha pili, kabati la chuma, na jiko la gesi ambalo hakuna aliyewahi kuliwasha. Masanduku ya lenzi nikayasogeza juu ya ekseli, maana mzigo ukikaa nyuma trela hutikisa mkia na gari hupigana nayo njia nzima. Tairi zilikuwa laini, nikazijaza upepo sawasawa. Filta ya hewa niliikung'uta kila tulipofika, kwa sababu vumbi la Nyatike huziba pua ya gari kama linavyoziba ya mtu. Juu ya kichwa cha pikapu nikafunga ubao wa plaiwudi ulioinamia nyuma, ili upepo uruke juu ya karavani badala ya kuigonga kifuani. Upepo wenyewe nikausoma. Kuelekea Sori, asubuhi ziwa huwa limelala. Mchana huamka na kupuliza bara, na karavani inakuwa ukuta. Kwa hiyo tuliondoka asubuhi na kwenda mwendo wa harusi. Mwenda pole hajikwai, lakini hupigiwa honi na kila mtu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mguu. Nilijifunza kukanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga sakafu iliyosakafiwa leo. Nikikiona kilima mbali, nilijiandaa mbali. Nikiona ng'ombe barabarani, niliachia mguu mapema nifike wakiwa wameshavuka, nisifunge breki halafu nianze upya na gia ya kwanza. Kusimama ndiko kulikokula dizeli. Nilichukia kusimama kuliko nilivyowahi kuchukia kitu.

Na nchi yetu yote imejengwa juu ya kusimama. Hakuna anayetoka Sori bila gunia la omena la mtu fulani. Hakuna gari la mradi linalopita mama mwenye kuku bila kusimama. Nikaanza kupita. Siku moja karibu na Migori wazee walinisimamisha kwa lazima, wamejipanga barabarani na jeneza, wakitaka nilipakie nyuma ya pikapu pamoja na waombolezaji.

"Siwezi, wazee wangu. Navuta trela."

"Omera, ndugu yetu, wewe ni wa wapi?" mmoja akaniuliza. "Gari si yako, mafuta si yako. Maiti tu ndiyo unaona nzito?"

Nilitia gia, nikalizunguka jeneza polepole, nikaenda zangu. Daktari alitazama dirishani. Tangu siku hiyo kwenye stendi ya Migori niliitwa Bwana Dizeli, na makonda walinipisha njia kwa heshima ya kejeli.

Lakini kilichoniuma ni kilima cha kwetu. Barabara ya kwenda Rongo inateremka, inapita njia panda ya kijijini kwetu, halafu inapanda mlima mrefu. Ukishuka na kasi yako, unaupanda mlima huo bila gari kulalamika. Ukisimama pale chini na trela nyuma, utaupanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi, na mafuta ya kukufikisha Awendo yataishia hapo. Baba alikuwa akijua siku ya safari. Alikuja kusimama njia panda na fimbo yake, na kofia aliyovaa kanisani.

Nilipiga honi. Akainua fimbo.

"Huyo mzee ni nani?" Daktari aliuliza tulipokuwa tumeshaanza kupanda.

"Ni baba yangu."

"Si ungesimama?"

"Nikisimama hapa sifiki kwake," nikasema, na sikumweleza zaidi. Kwenye kioo sikuona chochote ila karavani. Ndivyo ilivyo ukivuta nyumba: huoni nyuma.

Mzunguko ule ulikwisha. Tuliingia Homa Bay, na stoo kukawa na pipa zima halijafunguliwa. Niliona mwezi wangu mle ndani, nikaona baba ananitangulia na umande, nikaona matofali ya mdogo wangu yanaondolewa nyasi. Daktari alilipiga pipa kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Dereva! Unajua hii inatufikisha wapi? Ntimaru!"

"Na likizo, Daktari?"

"Iko. Haijaenda mahali. Lakini hawa wazee wa Ukuria hawajawahi kuona daktari wa macho hata mara moja, na sasa mafuta iko. Kwa sababu yako."

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni. Hatukufundishwa kibaba kikijaa ni cha nani. Tulikwenda Ntimaru, tukarudi na dizeli imebaki, na iliyobaki ikaturudisha Ntimaru tena, kwa sababu waliotuona mara ya kwanza walikuwa wamewaambia wengine. Kadiri nilivyobana ndivyo njia ilivyorefuka. Wenzangu walionyonya mafuta walikuwa makwao, wakila likizo zao kwa wakati, gari limekauka uani. Mimi mwaminifu ndiye niliyefungwa. Laiti Daktari angekuwa mtu mbaya, ningemchukia kwa raha. Lakini niliwaona kwa macho yangu vikongwe wakivalishwa miwani na kuanza kuwacheka wake za wana wao jinsi walivyozeeka. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo? Nilimchukia kidogo tu, kwa zamu.

Safari ile ya pili ya Ntimaru niliamua kuimaliza dizeli. Sikuiba wala sikuimwaga; niliiacha iungue. Asubuhi nilipoegesha sikuzima gari. Nikakaa kwenye usukani, injini inanguruma, nikimwambia Daktari kwamba betri imechoka na inahitaji chaji. Nilihesabu moyoni mwangu: iungue leo, iungue kesho, na pipa likilia tupu hakuna mtu atakayenipeleka popote ila nyumbani.

Sikujua kwamba mngurumo ule unasikika mpaka kwenye miteremko ya mbali. Watu waliokuwa njiani kuja kliniki walisikia gari likiwaka wakadhani tunaondoka. Niliwaona vikongwe wawili, ndugu, wameshikana mikono, mmoja akiona kidogo na mwingine haoni kabisa, wakikimbia. Sijui kama umewahi kumwona kipofu akikimbia mteremko wa mawe. Walianguka wote pamoja. Yule aliyeona kidogo alifika kwenye dirisha langu, goti linavuja damu, akashika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Baba, msituache. Tulitoka nyumbani alfajiri. Msituache."

Nilizima gari. Nikashuka, nikamfuata mwenzake pale chini, nikamwongoza mpaka mbele ya foleni, na hakuna aliyenung'unika. Sikujaribu tena. Pipa lile nililibana kama nilivyobana mengine.

Likizo nilipewa mwishowe, karavani ilipovunjika ekseli na kuegeshwa ikisubiri spea. Nilinunua shoka jipya Migori, kwa maana mwenye boma huingia na shoka, nikapanda gari la abiria, nikashuka njia panda ya kwetu kama mtu.

Nilipokaribia niliona bati jipya linang'aa nje ya boma la baba, upande wa kushoto. Nyumba ya mdogo wangu. Matofali yake yalikuwa yamepanda ukutani. Na upande wa kulia, mahali ambapo baba alinionyesha tangu nikiwa kijana, kulikuwa na kijumba cha vijiti na nyasi, kimo cha goti, na kimlango ambacho kuku angeingia kwa kuinama.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya gogo. Mdogo wangu alisimama nyuma yake na hakunitazama.

"Nani ameruhusu watoto kuchezea kiwanja changu?" nikauliza.

Baba akasema, taratibu, "Wuoda, mwanangu, hiyo si ya watoto. Hiyo ni yako."

Akanieleza. Wazee walikaa. Walisema mdogo hawezi kumpita mkubwa wake, wala hawezi kumngoja mtu asiyekuja mpaka baba yao aingie kaburini. Kwa hiyo walifanya kama inavyofanywa kwetu kwa mwana aliyepotea, au aliyefia mbali kabla hajajenga. Humjengea kijumba cha jina lake, ili walio nyuma yake wapite.

"Lakini mimi sikupotea," nikasema. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Baba, ulikuwa unaniona nikipita!"

"Nilikuwa nakuona," akasema.

Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya kile kijumba, shoka bado liko mkononi. Ndani kulikuwa na jivu kidogo, jeupe, la moto uliowaka kweli. Nikauliza ni nani aliyeuwasha.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la mama, akijifuta mikono kwa leso.

"Ni mimi," akasema. "Wazee walisema moto lazima ubebwe na mke wa mwenye nyumba. Niliwaambia wewe uko Ntimaru, unaendesha gari. Wakaniambia nibebe tu."

Akaingia ndani kunitafutia maji ya kunawa.