Nyota Niliyoiweka Mkiani

Kazi yangu hospitalini ni kutunza kompyuta za masjala, chumba kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Ukweni wananiita Injinia. Jina hilo nilijipa mwenyewe siku mjomba wa mke wangu aliponiuliza nafanya kazi gani, na tangu hapo sijapata ujasiri wa kulirudisha.

Ujinga wangu mkubwa, ambao kwa miaka miwili niliuita ufundi, ni kisanduku cha kutafutia. Vibarua walichapa madaftari yote ya zamani ya wodi, kurasa elfu thelathini na kitu, nami nikazitengenezea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: unaandika neno, mashine inakuonyesha kurasa zilizo nalo. Kisha nikawakusanya wauguzi, nikavaa shati la mikono mirefu, nikawafundisha nyota. Andika mwanzo wa neno, weka alama ya nyota, mashine itajaza mwisho yenyewe. Nikaandika "hom" na nyota, zikaja homa mamia. Wakanipigia makofi. Muuguzi mkuu akasema hospitali imepata mtu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye.

Mama mkwe alifundisha Kiswahili shuleni kwa miaka thelathini na minane. Mbele yake huwa nasema machache. Nikimtumia ujumbe wa kumjulia hali, hunirudishia ujumbe wangu uleule, umesahihishwa.

Jumanne alilazwa kwetu kwa vijiwe vya nyongo, na daktari wa upasuaji akasema havingoji kesho. Daktari wa usingizi, yule anayemlaza mtu kabla ya kisu, akamuuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mama akajibu kwamba ipo. Zamani, akiwa mwalimu kijana, alipasuliwa kidole tumbo hapa hapa, wakamchoma sindano, akavimba, pumzi zikakata, nusura azikwe. Dawa gani? Hakuna aliyemwambia. Daktari akasema hawezi kukwepa dawa asiyoijua jina, na akauliza kama rekodi za zamani zinaweza kupatikana. Mke wangu akanitazama. Nikasema dakika mbili.

Madaftari yale hayakuandika majina, yaliandika namba za vitanda tu. Tarehe nazo zilikuwa bure, kwa sababu mashine yangu iliipa kila karatasi tarehe ya siku ilipochapwa, kwa hiyo wagonjwa wa miaka mingi wote walionekana wamelazwa katika miezi mitatu. Hilo nalo ni langu. "Kidole tumbo" ikaleta kurasa mia tisa, "sindano" na "pumzi" maelfu. Nikajiambia, hapa ndipo nyota inapofanya kazi. Nikaandika "vimba" na nyota. Hakuna matokeo. Nikaandika "vimb" na nyota. Hakuna matokeo. Nikaona basi faharasa imeharibika, nikaijenga upya, dakika ishirini nikitazama mstari wa kijani ukijikokota. Hakuna matokeo. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nilibadilisha hata kibodi. Nilipojaribu "hom" na nyota, homa zikaja zote kwa heshima, kama zinanicheka.

Simu ikalia. Daktari wa usingizi alitaka kujua nimepata nini. Nikamwambia hakuna. Akashusha pumzi, akasema vizuri, basi ataendelea na dawa ya kawaida. Mimi nilikuwa na maana kwamba mashine haijaona. Yeye alisikia kwamba kitu chenyewe hakipo. Nilitambua tofauti hiyo simu ikiwa imeshakatwa, nikatoka mbio nikiwa nimebeba kompyuta ya mkononi bila kujua nitaifanyia nini.

Nilimkuta mama ameshavalishwa gauni la upasuaji, machela iko kando, mke wangu amemshika mkono.

"Mama, mashine inasema hakuna."

"Umeiuliza nini?"

"Vimba. Halafu nyota."

Akajiinua kidogo kwenye mto, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Vimba ni amri, mwanangu. Unadhani daktari aliniamuru nivimbe?"

Mke wangu aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Nyota inajaza mwisho, mama," nikajitetea. "Vimba, vimbisha, vimbiwa..."

"Na mwanzo unajazwa na nani?"

Mwongozo nilionakili nilipoitengeneza faharasa uliandikwa kwa lugha ambayo maneno yake huota mkia. Yetu huota kichwa: alivimba, umevimba, yakavimba. Faharasa hupanga maneno kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo "alivimba" alikuwa amekaa zake kwenye A, na mimi nilikuwa namwita kwenye V. Nyota yenyewe hukubali kukaa mkiani tu. Ukiiweka mbele, mashine inakutazama. Homa haibadiliki kichwa, ndiyo maana ilinipa makofi. Fundi mwenye akili angeiamuru mashine iisome kila karatasi herufi kwa herufi. Njia hiyo niliikumbuka kesho yake, nikiwa naoga.

Nikampigia daktari, nikamwomba robo saa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, kompyuta juu ya godoro, na mama mkwe akaanza kunisomea upatanisho wa kisarufi, akiwa anaumwa, kwa sauti ileile ya darasani. Alivimba, amevimba, akavimba: wengi, si yeye. Uso ulivimba, umevimba, ukavimba. Hayo yakaleta miguu ya watu na mikono ya watu. Midomo ilivimba, imevimba, ikavimba. Shingo za watoto. Macho yalivimba, yamevimba, yakavimba. Si yeye. Mhudumu wa machela alikuwa amesimama, anatazama saa ya ukutani.

"Ngoja," mama akasema. "Kama aliyeandika alisoma vizuri, macho na midomo ni ngeli mbili, na zikiungana hubeba vi. Vikavimba."

Ulikuja ukurasa mmoja. Kitanda namba kumi na nne, kidole tumbo. Amechomwa sindano, jina la dawa limeandikwa lote, na baada ya dakika tatu macho na midomo vikavimba, pumzi zikakata. Asipewe tena. Chini yake: jioni mgonjwa amezinduka, amemsahihisha muuguzi mara mbili.

Sikuhitaji jina la mgonjwa.

Nikaikimbiza kompyuta hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi alisoma jina la dawa mara moja. Akaenda kwenye sinia lake, akatoa sindano iliyokwisha kujazwa, akaiweka kando, akaanza kujaza nyingine.

Kesho yake mchana nilimkuta ameketi, ana uji, ana rangi. Nilikuwa nimepiga pasi shati. Kusema kweli nilikwenda kupokea pongezi, na hotuba fupi ya unyenyekevu nilikuwa nayo kichwani. Mama akaniitikia shikamoo, akaweka kijiko chini.

"Hao wengine walioambiwa hakuna, ni wangapi?"

Nikasema sijui.

"Mashine yako haiweki kumbukumbu ya maswali?"

Inaweka. Niliipangia hivyo mwenyewe, na sikuwahi kuzifungua. Nikashuka masjala, nikafunga mlango, nikazifungua. Kwa miaka miwili kisanduku changu kilikuwa kimejibu hakuna mara mia sita na kumi na mbili. Nikachukua swali la kwanza kabisa. Liliandikwa na muuguzi wa wodi ya watoto, wiki moja baada ya somo langu, kama nilivyomfundisha: "zimia" na nyota.

Nikaandika "alizimia". Zikaja kurasa tatu.

Nikatafuta kama yule muuguzi aliwahi kuuliza kwa namna nyingine. Hakuuliza. Aliniamini.