Kizingiti cha Vidole Vinne

Mama Futi alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na tisa, na jina hilo alilipata kwa futikamba aliyoivaa shingoni hata akienda kanisani. Maradhi ya uti wa mgongo yalipomkalisha kwenye kiti cha magurudumu, hakununa sana. "Zamani nilikuwa nakaa tu," aliwaambia wateja wake. "Sasa nakaa na kutembea."

Watoto wake walipomkatia tiketi ya safari ya siku kumi kwenye meli ya kitalii, aliuliza jambo moja tu: roshani ipo? Alitaka kunywa chai huku bahari ikimpita. Wakala akamhakikishia kwamba chumba ni cha watu wa viti vya magurudumu, na roshani ipo. Hakudanganya. Ilikuwepo.

Alisafiri na mdogo wake, muuguzi mstaafu ambaye mdomo wake haukuwahi kustaafu. Waliingia chumbani wakifurahi. Mlango ulikuwa mpana, bafu halina ngazi, vishikio viko mahali pake. Mama Futi alipima kimoja kimoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa watu wamesoma."

Kisha mdogo wake akavuta pazia, akausukuma mlango wa kioo kwa mikono miwili, maana ulikuwa mzito kama wa ghala. Upepo wa chumvi ukaingia. Mama Futi akakaza mikono, akajitupa mbele. Ko! Magurudumu yakagonga chuma, akarudi nyuma. Chini ya mlango kulikuwa na kizingiti cha kuzuia maji, kimo chake vidole vinne, na upande wa pili sakafu ya roshani ilikuwa chini kwa kimo hichohicho.

Mhudumu wa chumba, baba wa makamo mwenye adabu zake, alikuja mbio.

"Hakuna shida, Mama. Naita wenzangu wawili, tunakubeba. Ukitaka kurudi ndani, unapiga simu."

"Na nikitaka kutoka tena?"

"Unapiga simu tena, Mama."

"Baba, mimi si sanduku. Niitie seremala."

Seremala wa meli alifika na kipande cha ubao kilichochongwa mshazari, kifupi, akakibandika kizingitini. Mama Futi akajaribu. Kiti kikainua pua, miguu ikaelekea dari, na mdogo wake akakidaka kwa ukelele uliosikika hadi jikoni.

"Fundi, hii ni njia au ukuta uliolala?"

"Mama, mimi nimefanya kazi kwenye meli kumi na mbili."

"Kwenye kiti hiki je? Haya, kalia wewe."

Wakamhamishia Mama Futi kitandani, seremala akaketi kitini. Mara ya kwanza alishindwa, ya pili akashindwa, ya tatu jasho likamtoka. Mara ya nne alivuka kwa kishindo, akakwama kati ya meza na viti viwili vya roshani. Kugeuka hawezi. Meli ikayumba kidogo, mlango ukateleza, ukajifunga nyuma yake. Akagonga kioo.

"Usisimame!" Mama Futi alimpigia kelele. "Mimi ningesimama?"

Dada wawili walicheka mpaka wakafuta machozi. Walipomfungulia, seremala naye alikuwa anacheka.

"Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama, nielekeze."

Mama Futi akatoa chaki yake ya kushonea, akachora nyuma ya orodha ya chakula. Kila kidole cha kimo kidai vidole kumi na viwili vya urefu, kwa hiyo ubao wa ndani uwe karibu mita moja, na kitanda kisogee kuupisha. Nje pasiwe na mteremko, maana ungekula nafasi ya kugeukia. Sakafu nzima ya roshani iinuliwe kwa mbao mpaka ilingane na kizingiti. Meza itoke, na mlango uwekewe ndoano.

"Sakafu ikipanda, ukingo wa roshani utakuwa mfupi," seremala akaonya.

Afisa wa usalama akaitwa, akapima, akaona ukingo bado unampita mtu aliyesimama kiunoni. Akaruhusu.

Asubuhi ya siku ya nne kazi ilikwisha. Mama Futi aliwaambia wote wakae mbali. Akapanda ubao taratibu, akavuka, akageuka nje mara mbili kwa raha zake tu. Bahari ilikuwa ya samawati mpaka mwisho wa macho. Ilikuwa miaka sita tangu atoke mlango wowote wenye kizingiti bila kumwambia mtu asante, naye akakaa akitazama maji hata chai ikapoa.

"Jirani!" sauti ya mzee ikaita kutoka upande wa pili wa kiambaza. "Huko nje umefikaje?"

Alikuwa mwalimu mstaafu, naye wa kiti cha magurudumu, aliyetazama maji kupitia kioo tangu siku ya kwanza. Seremala hakungoja kuambiwa. Alimwendea Mama Futi, akamwomba aje na futikamba yake.

Vyumba vya namna hiyo vilikuwa vinne. Walipotia nanga mwisho wa safari, vitatu vilikuwa tayari. Cha nne kilikuwa cha maharusi, na kila seremala alipobisha, walimjibu kutoka ndani kwamba roshani haina haraka.