Paa Nene la Jirani

Mwezi uliopita nilikaa ukumbini hapa Dodoma mjini, kwenye semina ya majanga, nikiisubiri chai. Mwezeshaji, kijana wa tai nyekundu, alituuliza ni majanga gani yanatishia jamii zetu. Mtumishi mmoja akanyoosha mkono akasema tsunami. Tsunami, Dodoma! Na mwezeshaji akaiandika ubaoni bila kupepesa macho. Kisha akatufundisha kwamba majanga ya asili hayana mwenyewe. Hapo nikaacha kumsikiliza, mwenzangu, maana la kwetu lilikuwa na mwenyewe, tena alivaa koti hata kwenye jua la Oktoba.

Nimelelewa na bibi, kijijini upande wa Kongwa, enzi ambazo watu wengi bado waliishi kwenye tembe. Kama hujawahi kuiona, tembe ni nyumba ndefu ya udongo, fupi ya kwenda juu, na paa lake ni bapa: boriti, juu yake fito, na juu ya fito udongo. Ndama walilala ndani pamoja nasi, na mpaka leo nikisikia harufu ya ndama macho yanalegea. Kila mwaka kabla ya mvua paa lilihitaji udongo mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepasuka kwa jua.

Kwa bibi kazi hiyo ilikuwa adhabu. Alitupandisha juu na majembe, tukwangue udongo wote wa mwaka jana mpaka fito zionekane, ndipo tupandishe mwingine kwa karai na kuukanyaga. Vumbi lilitujaa puani na kwenye kope. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Bibi mwenyewe alibaki chini akigonga nguzo kwa mchi, na iliyosikika tupu kwa kuliwa na mchwa aliamuru ing'olewe. Usidhani alikuwa na hekima ya kupita kiasi. Alikuwa mkali tu. Mama mkwe wake alimchapa kwa ajili ya paa, naye akatuchapa sisi.

Jirani yetu hakukwangua, aliongeza. Mkewe alipika pombe ya mtama, vijana wakaitwa, wakapandisha tabaka jipya juu ya lile la zamani wakiimba na kukanyaga, mpaka paa lake likawa nene kuliko la mtu yeyote. Na wanakijiji, wajinga wale, wakalisifu. Kwao paa nene lilikuwa heshima, sawa na zizi lililojaa ng'ombe. Wageni walipelekwa kulitazama. Wanaume walisimama mbele yake, mikono nyuma, wakitikisa vichwa kwa wivu, wala hakuna aliyejiuliza mzigo ule umebebwa na nini. Sisi wenye paa jembamba tulihurumiwa.

Ningecheka tu, lakini binti wa jirani alikuwa rafiki yangu. Tulicheza rede pamoja, tulisukana nywele, tuliibiana karanga mbichi. Chumba cha ndani alikolala na kusaga mtama kilikuwa na boriti iliyopinda mpaka tuliweza kuigusa kwa mkono. Siku moja nilikuta wameiegemezea mti mwembamba, mti wa kufungia mbuzi. Nikamwambia bibi, naye akaufuata uzio wa miiba mpaka kwa jirani, mimi nyuma yake.

“Shikamoo mama,” jirani alisema, koti begani.

“Marahaba. Teremsha huo udongo, baba. Mwanao analala chini ya kaburi.”

Jirani akacheka. “Udongo wa chini kabisa aliuweka marehemu baba. Niukwangue, halafu watu niwaambie nini?”

“Hao watu ndio watakaokushikia boriti?”

“Mama, wewe gonga nguzo zako.”

Bibi akatema mate chini, tukarudi nyumbani. Mke wa jirani alikuwa mlangoni na alisikia kila neno, akaendelea kupepeta mtama.

Mvua ya mwaka ule haikuwa ya ajabu. Ilianza kwa fujo kama kawaida yetu, kisha ikatulia ikawa rasharasha ya kutwa kucha, na udongo ukanywa maji taratibu. Asubuhi moja nilikuwa nakamua mbuzi, nasikia jiwe la kusagia la rafiki yangu likienda kwaru, kwaru. Kisha ukaja mshindo mzito, wa chini chini. Vumbi halikupanda, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa. Jiwe likanyamaza. Vijana walewale waliolikanyaga paa wakaja kulifukua kwa majembe na mikono, na lilikuwa nene kweli, kama walivyolisifu. Walipomfikia hakuwa hai.

Msibani wakasema ni kazi ya Mungu. Bibi akasema kwa sauti kwamba Mungu hakubeba karai hata moja, na wanawake wakamnyamazisha wakisema amekosa adabu. Nilimchukia jirani siku ile, na sijaona sababu ya kuacha. Waliolisifu paa nawadharau zaidi, kwa kuwa yeye angalau alizika mtoto.

Tembe sasa zimekwisha. Nazikumbuka kwa uchungu, ndama wake, uvuguvugu wake, nyimbo za juu ya paa. Upumbavu wenyewe haukuondoka nazo. Leo watu wanajenga kwenye mkondo wa korongo, kwa vile ni tambarare na barabara iko karibu, na majirani wanakuja kuusifia ukuta. Maji yakishapita wanaitwa waandishi wa habari.

Baada ya semina nilikwenda kijijini. Jirani amezeeka, ana nyumba ya bati na wajukuu tele. Nilimpa shikamoo yake, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Akawageukia wajukuu.

“Huyu alikuwa rafiki wa shangazi yenu, yule aliyechukuliwa na mvua.”

Watoto wakanitazama, wakingoja niitikie. Nikawaambia kwamba mvua ileile ilinyesha kwetu pia, upande wa pili wa uzio, na asubuhi ile sisi sote tulikunywa uji.