Siku Deki Ilikataa Kunyamaza

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kanisa, kwa sababu wao wataongeza chumvi, na hii stori haihitaji chumvi, ni chungu vile iko. Nimeaibika mara nyingi kwa hii maisha (kuna siku nilihutubia mkutano wa wazazi nikiwa na dawa ya meno kwa masharubu), lakini ile Jumamosi ya maombi ya nyumba, nikiikumbuka hata nikiwa katikati ya barabara, lazima nisimame kwanza.

Mnajua niko na deki. Si deki ya kawaida, ni ile ya pande mbili: kushoto unaingiza kaseti kubwa za video za zamani, kulia unaingiza diski. Niliipata Kitengela kwa duka la vitu vya ng'ambo, na nikaibeba mpaka nyumbani kama mtoto mchanga. Binti yangu Sein aliangalia hiyo kitu akaniuliza, "Baba, hii ni ya kupasha chakula?" Watoto wa siku hizi kila kitu wanaangalia kwa simu. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, kwa sababu kaseti ya harusi yetu ilikuwa imekaa ndani ya sanduku miaka ishirini na tatu bila pahali pa kuichezea, na mke wangu Nasieku alikuwa amesahau kabisa vile nilikuwa kijana mzuri.

Sasa nyumba yetu ikaisha, tukaita pasta aje aiombee, tukaita majirani, na wakwe wangu wakatoka Illasit mapema kuja kuiona. Baba mkwe ni mzee wa maneno machache. Tangu harusi ananiita Pakiteng, kwa sababu sisi Wamaasai ukipeana ng'ombe na mtu mnaitana kwa huyo ng'ombe, na mimi nilimpa mitamba mizuri ya kuolea binti yake. (Hiyo "mizuri" ndiyo tutaongea sasa hivi.)

Baada ya maombi na chakula, wazee wakakaa sebuleni, wengine wakabaki nje kwa hema, na mimi nikaona huu ndio wakati wa kujionyesha. Nikaingiza kaseti. Na kwa sababu sauti ya TV ni ndogo, nikaunganisha deki moja kwa moja na spika za kanisa, zile zilikuwa zimeletwa za nyimbo, moja ndani na moja huko hemani, ili hata wale wa nje wasikie. Mungu anisamehe kwa huo ujuzi.

Ikaanza vizuri sana. Watu wakacheka suti yangu, kubwa mpaka mabega yalikuwa yananitangulia. Wakacheka viatu vyangu vyeupe vyenye ncha kali. Mama mkwe akajiona akiwa na meno yote, akashika mdomo. Tukafika kwa keki, tukakata, tukalishana, watu wakapiga makofi, na Sein akaniambia, "Baba, zima hapo, naona imeisha."

Mngekuwa mimi mngezima. Mimi nikasema, "Wacha iendelee, tuone mpaka mwisho, hii ni historia." Hiyo tu. Hapo ndipo nilichimba shimo. Kwa sababu ukweli ni kwamba ile kaseti sikuwa nimewahi kuiangalia kupita keki, kila mara naridhika nikifika hapo, narudisha nyuma nijione tena.

Picha ikapinduka. Yule mtu wa kamera alikuwa ameiweka chini nyuma ya hema aende kula, na akasahau kuizima. Ikawa tunaona nyasi, mguu wa meza, na viatu vyeupe vyenye ncha kali. Kando yake viatu vyeusi. Halafu sauti ya best man wangu, Lekishon, ikajaza nyumba.

"Lakini wewe, yule mtamba mwekundu amefika akiwa amesimama?"

Na sauti yangu, ile ya ujana, imeshiba soda na kiburi: "Atalalaje? Nimemdunga sindano asubuhi. Leo lazima asimame."

"Na akikufa?"

"Akishafika Illasit si wangu. Akikufa, hiyo ni shida yao na Mungu."

Halafu tukacheka. Tulicheka jamani. Sikujua binadamu anaweza kucheka vibaya hivyo.

Nikashika rimoti nikabonyeza kuzima, haikuzima. Nikabonyeza tena. (Baadaye Sein alinifundisha kwamba hiyo mashine iko na kifungo cha kuchagua upande, na mimi nilikuwa upande wa diski, kwa hivyo nilikuwa nazima diski ambayo haikuwa ndani.) Nikabonyeza kingine, ule mdomo wa diski ukatoka polepole mbele ya watu wote, kama mtu anakutolea ulimi. Nikaurudisha na kidole. Ukatoka tena. Huko nyuma sauti yangu inaendelea kueleza Lekishon vile nilimchukua huyo mtamba kwa bei ya kutupa sokoni kwa sababu alikuwa anakohoa.

Nikarukia ukuta nikang'oa waya. TV ikawa nyeusi. Nikashusha pumzi. Lakini waya niliong'oa ulikuwa wa TV peke yake, na sauti haikuwa inapitia TV, ilikuwa inatoka kwa deki inaenda kwa spika, kwa hivyo sasa watu walikuwa wanaangalia giza na kunisikia mimi nikicheka ndani na nje, mpaka huko hemani nikasikia mama mmoja wa jirani akiuliza, "Ni nani huyo anacheka hivyo?"

Ni Sein aliinuka, akatembea pole pole, akabonyeza kifungo kimoja. Sauti ikakatika.

Nasieku ndiye aliongea wa kwanza. "Kwa hivyo mimi niliolewa kwa ng'ombe wa kukohoa?"

Nilikuwa naangalia baba mkwe. Nilifikiria atainua rungu, na kusema kweli ningeshukuru. Lakini alikuwa ameshika fimbo yake na mikono miwili, anaangalia sakafu.

"Yule mwekundu," akasema. "Alikuwa mgonjwa kabla aje kwangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Nilimpeleka kwa boma ya Saningo, kwa sababu kulikuwa na nyasi. Akakufa siku ya sita."

Saningo ni ndugu yake mdogo, wa tumbo moja. Mimi nilijua hawaongei. Miaka hiyo yote nilijua hawaongei, na niliambiwa ni mambo ya shamba, kwa hivyo sikuuliza.

"Nilimwambia amemlisha huyo mtamba kitu kibaya kwa sababu ya wivu," mzee akasema. "Akaapa. Nikamwambia anaapa uwongo. Mama yetu tulimzika mimi nikiwa upande huu wa kaburi na yeye upande ule."

Hapo aibu iliisha, kikaja kitu kingine ambacho sina jina lake. Nikakaa chini kwa zulia mbele ya pasta na kila mtu. Sindano moja, na kicheko kidogo nyuma ya hema, halafu watu wawili wanazeeka bila kusalimiana, na mimi naitwa Pakiteng kila Krismasi naitikia.

Mzee akaambia Nasieku apige simu kwa Saningo. Ikashikwa. Mzee hakuichukua, akanielekeza na fimbo. "Mwambie yeye mwenyewe."

Nikamwambia. Yote, hata ya kucheka. Kule upande wa pili nilisikia tu mbuzi. Halafu Saningo akauliza, "Ndugu yangu amesikia haya?"

"Amesikia. Yuko hapa."

Akakata simu.

Jumatatu tulienda Illasit, mimi na mzee, na mtamba kwa pikapu, mweusi, mwenye afya mpaka daktari wa mifugo alishangaa kwa nini nimemwita. Saningo hakutukaribisha ndani. Alimzunguka huyo mtamba, akaangalia macho, akafungua mdomo, akaweka sikio kwa mbavu. Halafu akaniangalia mara ya kwanza.

"Atakaa hapa siku saba. Na wewe utakaa naye. Siku ya nane akiwa hai, tutaongea."

Nilimchunga. Mwanaume wa miaka hamsini, mwenye nyumba mpya Kitengela, nikiamka kila asubuhi kwenda kuskiza kama ng'ombe amekohoa. Siku moja alipiga chafya nikakaribia kulia. Watoto wa boma walikuwa wanakuja kuniangalia tu.

Siku ya nane mzee akarudi. Saningo akatoka na kikombe kimoja cha chai ya maziwa, akanywa nusu, akampa ndugu yake nusu ile ingine. Mzee alikunywa pole pole sana, na mimi nikageuka nikaangalia ng'ombe, kwa sababu kuna vitu mkwe hafai kuona.

Watu wananiuliza kama nimeuza deki. Sijauza, deki haikudanganya mtu. Ni mimi. Na nimeapa mnyama hatatoka kwa boma yangu tena kabla sijasema mbele ya watu anaumwa na nini, hata kama ni kupe mmoja kwa sikio.

Lakini adhabu yenyewe nadhani inakuja. Kuna kijana wa Isinya ameanza kuulizia Sein, na anasema wazee wake watakuja hivi karibuni na ng'ombe. Watawaleta, watawapanga hapo mbele yangu, na watu wote wataniangalia. Sasa niambieni, mimi nitafungua mdomo gani kuuliza kama wako sawa?